Kidonda Kisichovimba

Nikisema nilisomea protini, watu wa Baraka, mji wetu wa ziwani, huniuliza kama ni za maharagwe au za ndagala, dagaa wa kwetu. Siwalaumu. Katika kila kituo cha afya kuna bango lenye picha ya maharagwe, yai na samaki, na chini yake neno hilohilo. Mimi nilikaa miaka katika mji wa mbali nikichungulia jinsi seli ya mwili inavyobandika alama ndogo juu ya protini zake, nikarudi kwetu kichwa kimejaa hadi kinauma, na mtu wa kwanza kunipokea bandarini akanitazama toka juu hadi chini, akasema, "Mawe! Umekonda hivi juu ya nini? Huko hakuna chakula?"

Huyo alikuwa shangazi yangu, dada ya baba. Ndiye aliyetulea, mimi na mdogo wangu wa kike, tangu mama yetu alipofariki. Ni mtu wa moyo mkubwa na kichwa kigumu, na mimi nimerithi kichwa tu. Nyumbani kwake upendo hupimwa kwa sahani. Ukiacha tonge la bugali, umemtukana.

Nilipata kazi ya kufundisha katika shule ya wauguzi, na somo langu lilikuwa kinga ya mwili, ile ya kuzaliwa nayo, inayoamka kabla ya nyingine zote. Hadubini ilikuwa moja, na taa yake ilikuwa imekufa. Kwa hiyo nilifundisha kwa mdomo na chaki. Niliwaambia wanafunzi: ndani ya seli ya ulinzi kuna mjumbe, protini kama protini nyingine, ambaye kazi yake ni kwenda katikati ya seli na kuamsha kengele. Lakini siku zote amezuiwa na protini nyingine, kama mwenye pikipiki aliyesimamishwa kwenye barière, kizuizi cha barabarani. Kijidudu kikigusa ngozi ya seli, protini za ndani zinapashana habari kwa kubandikana alama, fosfeti ndogo sana, huyu kwa huyu. Mwisho alama inamfikia yule mzuiaji wa barière. Akishatiwa alama hiyo anabandikwa mnyororo wa alama nyingine, iitwayo yubikwitini, ambayo maana yake ni moja tu: huyu avunjwevunjwe. Akiondoka, mjumbe anapita. Hapo ndipo kidonda kinakuwa chekundu, kinavimba, kinapata moto, na homa inapanda.

"Mwalimu," akasema mmoja wa nyuma, "barière za huku haziondokagi kwa chaki."

Darasa lote likacheka, na mimi nikacheka, kisha nikaudhika kwa sababu saa ilikuwa imekwisha na sikuwa nimefika pale nilipotaka. Nilitaka waelewe kwamba uvimbe na homa ni kelele za mwili ukiita msaada. Wengi wao, kama watu wote wa huku, waliamini kwamba homa ndiyo ugonjwa, na pasipo homa hakuna ugonjwa. Nilirudia jambo hilo mpaka sauti ikakauka. Kwenye mtihani waliliandika vizuri sana, kisha wakaenda makwao wakaendelea kuamini lao.

Hayo yangebaki kuwa maudhi ya kazi tu, kama si mdogo wangu.

Mdogo wangu alizaliwa mwembamba. Ni umbo lake tu. Lakini kwetu msichana mwembamba hasemwi kuwa ana umbo; husemwa kuwa ana ugonjwa, na kila mtu anajua ni ugonjwa upi ingawa hakuna anayeutaja. Mchumba wake wa kwanza alimwacha kwa maneno hayohayo ya sokoni. Wa pili, kijana mwenye kazi yake huko Lulimba, alikuwa amekwisha kujitambulisha, na mama yake alikuwa ateremke kutoka Fizi kuja kumtazama bibi-harusi. Kabla ya siku hiyo, kwetu, msichana haendi shamba wala mtoni. Anakaa ndani, anapakwa mawese, anakula, ili bamukwe, yaani wakwe, wakifika waone kwamba ametoka katika nyumba yenye chakula. Shangazi alilichukua jambo hilo kama vita. Uji asubuhi, ndizi, mukeke wa kukaanga, bugali, sombe, halafu tena uji.

Na msichana akanenepa. Akanenepa haraka mno, jamani, na vibaya. Mashavu yalijaa yakawa ya duara na kung'aa, tumbo likatoka, lakini mikono na miguu ilibaki vijiti vilevile. Majirani wakamsifu. Mimi sikumsifu, kwa sababu uso ule niliujua. Niliwahi kuuona katika vitabu.

Asubuhi moja nilimkuta shangazi anamwekea vidonge viwili vyeupe pembeni ya kikombe cha uji.

"Shangazi, hii unamupa ni nini?"

"Ni ya hamu ya chakula. Bamama boote banaitumia. Unanitolea macho juu ya nini?"

"Ni deksa hii!"

"Sasa kama jina yake unaijua, unauliza nini?"

Mdogo wangu alikivuta kikombe, akameza vidonge huku akinitazama, bila haraka, kama mtu anayefunga mlango.

Nikakaa. Nikajaribu. Mungu ananiona, nilijaribu kwa upole wote niliokuwa nao, ambao si mwingi. Nikasema dawa hii, deksamethazoni ya kutuliza uvimbe, ni nzuri mikononi mwa daktari na kwa mgonjwa wake, lakini inaingia ndani ya seli na kumwongezea nguvu yule wa barière. Inafanya seli itengeneze wengi zaidi wa namna yake, tena inaleta protini nyingine ambayo kazi yake ni kuzibandua zile alama za fosfeti mara tu zinapobandikwa. Habari ya adui haifiki. Mwili unakuwa hauwezi kupiga kelele.

"Muzuri," akasema shangazi. "Mwenye kutulia ndiye anapendwaka."

Wakacheka wote wawili.

"Sikia basi na ya pili," nikasema. "Kwa uso huu, ameimeza miezi sasa. Asiiache kwa mara moja. Kuna vidude viwili juu ya figo, vyenyewe vinatengeneza kitu cha jamaa ya dawa hii kila siku, na bila hicho mtu hasimami. Vimeona dawa inaletwa kutoka nje, vimelala. Ukikata ghafla, havitaamka kwa wakati, na atakufa. Twende kwa munganga wa hospitali, atamupunguzia polepole."

Shangazi akaweka mwiko chini.

"We mutoto! Unasema dawa ni mubaya. Tena unasema asiiache. Shika moja!"

Shika moja. Jibu langu lilikuwa refu, na katika nyumba yetu mwenye jibu refu ameshindwa.

Kisha ukaja ule mwiba. Mdogo wangu alikuwa amechoka kufungiwa, akatoka uani kusaidia kuparua samaki, akakanyaga mwiba wa kambare ukaingia chini ya kidole kikubwa cha mguu. Mtu mwingine angekuwa amevimba mpaka kifundo kufikia jioni, analia, na nyumba nzima ingejua. Mguu wake ulibaki mtulivu. Palikuwa na tundu dogo, jeupe pembeni, likitoa maji kidogo. Siku zikapita, tundu halikufunga. Liliongezeka upana tu, taratibu, bila wekundu, bila joto.

"Haiko na homa," shangazi alikuwa akisema kila nikiuliza. "Haivimbe. Iko muzuri."

"Ndiyo maana naogopa! Haivimbi kwa sababu haiwezi!"

"Eh. Sasa kisichovimba ni mubaya, kinachovimba ni mubaya. Hukosi cha kuogopa."

Nilimgeukia mdogo wangu. Nikamshika mikono, nikamwambia tena kuhusu mjumbe na barière, na alama zinazobanduliwa, na vijidudu vinavyokula nyama kimyakimya huku askari wamelala. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia, akiniita dada mkubwa kama tuitavyo huku, "Yaya, unaongeaka muzuri. Lakini nikilala hospitali leo, kesho bako banajua Fizi. Batasema, tuliwaambia iko mugonjwa. Na huyu pia ataniacha."

"Bora akuache ukiwa hai."

"We ni rahisi kusema. Hakuna mutu alikuachaka."

Nilitoka nje nikapiga teke beseni la watu. Lilikuwa na maji ya kuoshea samaki, yakanimwagikia, na nikanuka kambare mpaka shuleni. Hasira yangu haina adabu hata kwangu mwenyewe.

Juma lililofuata ilinibidi nipande Fizi kusimamia wanafunzi waliokuwa kwenye mafunzo ya hospitali. Nilimsihi shangazi kwa maneno machache safari hii, maana marefu yalikuwa yameshindwa: ampeleke mtoto kwa munganga wakati sipo, na vidonge visikatwe, aendelee navyo hadi munganga aseme. Akaitikia, "Sawa, mama," kwa sauti ile ya mtu anayetaka uondoke. Nikapanda pikipiki. Mvua ikanyesha, barabara ikakatika nyuma yetu, mtandao wa simu ukapotea. Nilikaa kule juu nikifundisha wengine kutazama vidonda, huku nikiwaza kidonda kimoja tu. Kila aliyefika kutoka chini nilimuuliza habari za njia, na kila mmoja alinijibu, "Bado."

Njia ilipofunguka niliteremka na pikipiki ya kwanza. Nilifika nyumbani asubuhi, nimejaa matope. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga kikwembe chake kizuri, na usoni alikuwa na kitu ambacho sikukizoea. Alikuwa akijivuna.

"Karibu, munganga wetu," akasema. "Umeshinda. Nilifikiri sana maneno yako. Nilichukua bile bidonge byote, na bya akiba, nikatupa mu choo. Toka siku ulienda, mutoto hajameza hata kimoja."

Sijui nilisema nini. Nakumbuka nilimsukuma, shangazi yangu aliyenilea, nikaingia.

Mdogo wangu alikuwa amelala kwenye mkeka, ametapika, ngozi baridi na yenye jasho. Nilimwita, akafungua macho nusu. Nilijaribu kumkalisha, kichwa kikaanguka. Mguu wake, ule mguu mtulivu, ulikuwa umeanza kunuka. Mwili ulikuwa umenyang'anywa dawa, vidude vya juu ya figo bado vilikuwa usingizini, na sasa ulikuwa na maambukizo ya kupigana nayo bila nguvu ya kusimamia.

"Ni uchovu tu," shangazi akasema nyuma yangu, lakini sauti yake ilikuwa imebadilika. "Haiko na homa. Nimemushika. Haiko na homa!"

Tulimweka kwenye pikipiki katikati yangu na dereva, nimemkumbatia kwa nyuma, miguu yake ikining'inia. Shangazi alifuata kwa nyingine. Njia nzima nilikuwa nikimpigia kelele sikioni asilale. Nilimwambia maneno mabaya. Nilimwambia akifa nitamzika bila kumpaka mafuta. Hakujibu, na ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu huwa hakubali mtu mwingine aseme neno la mwisho.

Hospitalini munganga alimpima shinikizo la damu, akapima tena kama asiyeamini jinsi lilivyoshuka. Akauliza, "Anatumia dawa gani?"

"Hakuna dawa," shangazi akajibu haraka. "Huyu ni musichana wa kuolewa. Iko muzima kabisa. Hajatumiaka dawa yoyote."

Palikuwa na wanawake wengine pale, wamekaa benchi, masikio wazi. Nilielewa mara moja: alikuwa anailinda heshima ya mtoto, hata hapa, hata saa hii. Na aliilinda kwa nguvu zote alizonazo, maskini.

"Shangazi, funga kinywa!" nilipayuka. Sijawahi kumwambia hivyo, wala sitarajii kumwambia tena. "Munganga, ni deksa. Miezi. Walikata ghafla. Tezi zake za juu ya figo zimelala, na mguu umeoza."

Munganga hakuuliza zaidi. Alimwita muuguzi, wakamfungia maji mshipani, wakamdunga dawa ya jamaa ileile ya vidonge, kwa wingi, na za kuua vijidudu. Walipopasua chini ya kidole, usaha ulitoka mwingi hadi muuguzi akageuza uso. Wote huo ulikuwa umekaa ndani, na nje hakuna aliyeona kitu. Shangazi alikuwa ameegemea ukuta, mkono mdomoni.

Baada ya saa chache mdogo wangu alifungua macho yote mawili, akaomba maji. Kisha akaomba ndizi. Nilitoka kwenye korido, nikachuchumaa, nikalia kama mtoto.

Shangazi akanifuata. "Walimudunga nini?" akauliza kwa unyenyekevu, na mimi, kwa ujinga wa mtu aliyechoka, nikamwambia ukweli.

"Ni ndugu ya ile ile deksa. Mwili wake ulikuwa umekosa."

Akanishika bega. Kisha uso wote ukafunguka.

"Aa! Si uliona? Ile ile ndiyo imemuinua!"

"Shangazi, hapana, sikiliza..."

Wapi! Alikuwa amekwisha kuingia ndani. Nilimsikia akiwaeleza wanawake wa vitanda vya jirani kwamba mtoto alikuwa amekufa kabisa, na ile dawa ya kunenepa ikamrudisha. Mmoja akauliza inapatikana duka gani. Nilipiga paji la uso ukutani, polepole, mara kadhaa. Nimesoma namna alama moja, ndogo kuliko chochote ambacho jicho linaweza kuona, inavyobandikwa mahali pamoja tu juu ya protini moja tu na kugeuza kazi yake yote. Sijapata kusoma ni wapi pa kubandika alama kwenye kichwa cha shangazi yangu.

Siku zilizofuata munganga alianza kupunguza kipimo, hatua ndogo ndogo, akimwangalia. Na siku moja, nilipofungua bandeji, niliona ukingo wa kidonda umekuwa mwekundu. Nikauweka mkono: moto. Kidole kilikuwa kimevimba vizuri, kimejaa, na mdogo wangu akapiga ukelele, "Aii! Yaya, inauma!" Nilicheka kwa sauti. Shangazi alinitazama kana kwamba nimerogwa. Alisema, na ninanukuu, kwamba shule ya mbali ilikuwa imeniharibu, kwa kuwa mtu anayefurahia mwenzake kuumia si mzima. Nilimkumbatia kwa nguvu. Seli zilikuwa zimeanza kupiga kelele, na sikuwa na njia ya kumwambia furaha hiyo.

Basi, baada ya majuma kadhaa, ikaja siku niliyokuwa nikiiogopa. Habari zilikuwa zimepanda mlima kama tulivyojua zitapanda, na mama mkwe aliteremka kutoka Fizi, moja kwa moja hospitalini. Tulimwona dirishani akivuka ua. Maji yaliyokuwa yamemjaza uso yalikuwa yamemtoka mdogo wangu, mashavu yameanguka, amerudia wembamba wake. Shangazi alikurupuka, akachukua vikwembe vyote vilivyokuwapo, vyetu na vya mgonjwa wa jirani, akaanza kumzungushia mtoto kiunoni na mabegani, kimoja juu ya kingine, ili angalau aonekane ana mwili. "Jaza mashavu hewa," alikuwa akimnong'oneza. "Jaza, jaza!"

Mama mkwe akaingia. Akaamkia wote, akakaa kwenye kiti, akamtazama msichana aliyefungwa kama mzigo wa kwenda sokoni.

Mdogo wangu akaanza kuvua. Alivitoa vile vikwembe kimoja kimoja, shangazi akimvuta mkono, akaviweka pembeni mpaka akabaki na gauni lake la hospitali na mabega yake membamba.

"Mama," akasema, "nilikuwa nameza bidonge juu munione munene. Sina ugonjwa ule batu banasema. Niko tu vile. Nilikaribia kufa juu ya ile mambo, na sitaimeza tena ya kunenepa. Kama munanikataa, munikatae leo, nilale."

Shangazi alijifunika uso kwa kanga. Mimi nilikuwa nimesimama tayari, mdomo umejaa maneno ya kumpiga nayo yule mama akithubutu kuinuka. Nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Uso wake ulikuwa wa duara, mashavu mekundu na yanang'aa. Chini ya shingo, kwa nyuma, palikuwa na nundu ya mafuta. Mikono iliyolala juu ya mapaja ilikuwa myembamba kama ya mtoto, na ngozi yake ilikuwa na madoa ya damu iliyovilia pale ilipoguswa kidogo tu.

Hakuinuka. Aligeuza kichwa kutazama kama mlango umefungwa. Kisha akanisogelea mimi, akauliza kwa sauti ndogo sana:

"Mwalimu, na mutu akiwa ameimeza miaka, anaiachaka namna gani?"

Maneno yangu yote ya ugomvi yalinitoka. Nilivuta kiti, nikakaa karibu naye, nikamshika ule mkono mwembamba.

"Polepole, mama," nikamwambia. "Usikate leo. Munganga iko hapa, tutaenda kwake pamoja."